Kero Isiyo na Mwenyewe

Notisi ile niliiandika mimi mwenyewe, nikiwa bwana afya. Ilikuwa na jina la mwenye nyumba, kitongoji, tarehe, na agizo la mstari mmoja: achimbe choo chenye kina cha kutosha ndani ya siku 30. Niliiona tena baada ya mwaka mzima, katika kijiji kimoja cha visiwani, upande wa kaskazini wa delta ya Rufiji. Ilikuwa siku ya pili baada ya mwezi kuandama na bamvua, yaani maji makubwa ya mwandamo, lilikuwa limeshika. Bibi mwenye nyumba alikuwa ameikunja ile karatasi ndani ya pindo la khanga kuukuu. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akanishika mkono mpaka nyuma ya banda la makuti, kwenye shimo walilomchimbia wajukuu zake.

Ilikuwa saa nne asubuhi na bahari imekupwa. Akachukua ufito wa mkoko, akauchomeka shimoni, akanionyesha: maji yako chini kiasi cha mpini wa jembe. Saa kumi jioni, mikono ya mto ilipofurika hadi kwenye mizizi ya mikoko, akaniita tena. Ufito ule ule, shimo lile lile, na sasa maji yalibakiza shubiri mbili yafike mdomoni. Juu yake palielea povu na viluwiluwi vya mbu.

"Mwanangu," akasema, "uliniambia nichimbe, nimechimba. Sasa hiki ni choo au ni kisima?"

Hakuwa anatania. Kisima chake cha kunywa kilikuwa hatua chache kutoka pale, kimechimbwa katika mchanga ule ule, kinapanda na kushuka kwa maji yale yale.

Nimelitafakari swali la bibi yule kwa muda mrefu, na ndilo linalonifanya niandike juu ya jambo ambalo wengi hulipita haraka: sheria ya kero. Siku hizi tumelizoea neno hili majukwaani. Kiongozi anakuja kusikiliza kero, na wananchi wanasimama kutaja barabara, maji, umeme, pembejeo. Katika sheria ya afya neno hili lina maana nyembamba zaidi na yenye makali. Kero ni kitu kinachodhuru afya au kuwaudhi majirani, nacho kina mwenyewe. Mwenyewe huyo anaweza kuandikiwa notisi, akapewa muda wa kukiondoa, na asipokiondoa akapelekwa mahakamani. Mfereji uliotuama, banda la nguruwe chini ya dirisha la jirani, jalala, choo kinachofurika, machinjio yanayomwaga damu barabarani. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 imejengwa juu ya mtiririko huo, na bwana afya, au afisa afya mazingira kama anavyoitwa rasmi leo, ndiye mwenye mkono wa kuuanzisha.

Mtiririko huo tuliurithi kutoka Uingereza, na inafaa tujue ulikozaliwa ulifanya kazi vipi na ulikwama wapi. Jiji la Liverpool lilikuwa na mkaguzi wa kero tangu miaka ya 1840, na mwaka 1848 Bunge la Uingereza likapitisha sheria yake ya kwanza ya afya ya jamii, kipindupindu kikiwa mlangoni. Sheria ya 1936 ikazikusanya kero zote mahali pamoja. Baada ya Vita Kuu ya Pili wakaguzi wakawa na kazi nzito kuliko wakati wowote. Nyumba zilikuwa zimebomolewa kwa mabomu, familia zimesongamana, mabomba ni mabovu, unyevu unapanda ukutani. Nguvu yao haikutoka kwenye ukali. Kila mkaguzi alikuwa na eneo dogo analoweza kulitembea kwa miguu au kwa baiskeli, akaandika alichokiona, kisha akarudi. Mwenye nyumba alijua kwamba muda wa notisi ukiisha, mtu yule yule atagonga mlango ule ule.

Lakini hata kule mbinu hiyo iligota. Desemba 1952 moshi wa makaa ya mawe ulichanganyika na ukungu ukalifunika jiji la London kwa siku tano. Makadirio ya mwanzo yalisema watu 4,000 walikufa. Ya baadaye yakafika 12,000. Sasa, notisi angeandikiwa nani? Kila nyumba ilikuwa na dohani yake, kila dohani ilitoa moshi kidogo, na hakuna dohani hata moja ambayo peke yake ingeweza kuitwa kero. Sheria ya Hewa Safi ya mwaka 1956 ikaja na wazo jipya. Badala ya kumwinda mwenye kero mmoja mmoja, halmashauri iliweza kutangaza eneo zima kuwa eneo la kudhibiti moshi. Tena haikuishia kwenye katazo. Mwenye nyumba aliyetakiwa kubadili jiko lake alirudishiwa asilimia 70 ya gharama inayostahili kutoka mfuko wa umma. Mwaka huo huo wakaguzi wa usafi wakabadilishiwa jina rasmi, wakawa wakaguzi wa afya ya jamii.

Kisa cha pili ni cha mji wa Aberdeen, mwaka 1964. Zaidi ya watu 400 waliugua homa ya matumbo. Wakaguzi walifuata nyayo hadi kwenye duka moja, kisha kwenye mashine ya kukatia nyama, kisha kwenye nyama ya kopo iliyotoka Argentina, ambako makopo yalipozwa kwa maji ya mto yasiyotiwa dawa. Duka waliweza kulifunga na kulisafisha. Mto uliokuwa ng'ambo ya bahari hakuna mkaguzi wa Aberdeen aliyeweza kuuandikia notisi.

Nimevileta visa hivi viwili kwa sababu delta ya Rufiji inavibeba vyote kwa pamoja. Kule kila choo ni kama dohani ya London, kidogo na cha maskini, hakina kosa la pekee. Na juu ya mto kuna watu, miji, mashamba na bwawa, na yote yanayotokea huko huteremka mpaka kwenye kisima cha bibi.

Wasiofika kule wajue kwanza mahali penyewe. Mto unapokaribia bahari hugawanyika katika mikono mingi inayozunguka visiwa vya matope, na juu ya matope hayo kumeota msitu wa mikoko wa zaidi ya hekta 50,000, mkubwa kuliko wote wa Afrika Mashariki. Upande wa kaskazini uko ndani ya Wilaya ya Kibiti, iliyomegwa kutoka Rufiji katikati ya muongo uliopita. Vijiji vya visiwani vya kata kama Salale, Maparoni, Kiongoroni na Msala hufikiwa kwa mtumbwi au boti, na safari hupangwa kwa kupwa na kujaa, si kwa saa ya ofisini. Wakati wa bamvua bahari hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Ukikosea saa, chombo kinakaa juu ya tope nawe unakaa nacho. Wakati wa maji mafu, bahari isipopanda sana, njia nyingine hazipitiki kabisa.

Makao makuu ya wilaya yako nchi kavu, kwenye barabara kuu ya kusini, na kero zake ni zile zile za kila mji wa njiani. Mabasi yanasimama, mama lishe wanapika, nyumba za wageni zinamwaga maji machafu uchochoroni, machinjio yana nzi. Hapo sheria ya 2009 inatosha kabisa. Mwenye mgahawa anajulikana, cheti chake cha kupima afya kinadaiwa, notisi inaandikwa leo na kufuatwa wiki ijayo kwa pikipiki. Sina la kuongeza juu ya mji ila kwamba kazi ifanywe.

Delta ni habari nyingine, na historia yetu ya usafi haikuitazama kwa macho yake. Wakati wa mkoloni miji ilikuwa na kanuni zake, na vijijini amri zilipita kwa majumbe na maakida, kisha baada ya 1926 kwa Sheria ya Mamlaka za Wenyeji. Chimba choo, fyeka majani, la sivyo faini. Wazee wengi wa pwani wanalikumbuka jina la bwana afya kwa hofu, mtu wa kaptula aliyehesabu makosa. Baada ya Uhuru lugha ilibadilika na, kwa haki kabisa, ikawa bora. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili kuizunguka redio, vikundi kwa vikundi, wakasoma, wakabishana, wakaenda kuchimba. Sijaona kazi nyingine ya elimu ya afya nchini iliyowaheshimu wananchi kiasi kile, na nilifurahi jina lake liliporudishwa mwaka 2024. Hata hivyo, choo kilichokuwa mawazoni mwa kila mmoja kilikuwa shimo refu katika ardhi kavu.

Ardhi kavu ndiyo iliyoanza kutafutwa Rufiji hata kabla ya hapo. Baada ya mafuriko makubwa ya 1968, Operesheni Rufiji iliwahamisha wakazi wa bonde kwenda kwenye vijiji vya miinuko. Mrufiji alikuwa na namna yake ya kuishi na maji: dungu lililoinuliwa juu ya nguzo, akalala humo akilinda mpunga dhidi ya nguruwe na viboko, na kilimo cha mlao katika unyevu unaoachwa na mto. Jengo la kuinuliwa alilijua tangu enzi za mababu. Hakuna aliyemwambia kwamba choo nacho kinaweza kupanda juu ya nguzo.

Sasa niseme lile lililonisumbua zaidi nilipoona viluwiluwi katika shimo la bibi. Choo chenye maji ndani yake huzalisha mbu wa aina ya kuleksi, yule anayeuma usiku na anayeeneza matende na mabusha katika pwani yetu. Watu wengi wa Rufiji wana jamaa mwenye ugonjwa huo. Mpango wa taifa wa kuutokomeza kwa kumeza dawa ulianzia Mafia mwaka 2000, kisiwa ambacho abiria wake hupandia boti Nyamisati, hapo hapo kwenye mlango wa delta. Kabla ya hapo, mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti huko Makunduchi, Unguja, walifanya jambo jepesi ajabu. Walimwaga punje nyeupe za polistareni, zile za kufungashia vyombo vya umeme, juu ya maji ya vyoo vya shimo. Punje zilielea kama blanketi, kiluwiluwi kikakosa pumzi, na mbu wakapungua mno kwa miaka kadhaa. Wakazi pia walipewa dawa. Karibu nusu yao walikuwa na vimelea damuni mwanzoni. Baadaye walibaki wachache sana. Katika kijiji kingine kilichopewa dawa bila kugusa vyoo, ugonjwa ulianza kurudi.

Maana yake kwa bwana afya ni nzito. Mimi nilimwamuru bibi achimbe shimo refu mahali ambapo maji yako karibu. Alinitii. Kwa utiifu wake akapata kitalu cha mbu na mfereji wa kinyesi kuelekea kisimani. Kero ile iliumbwa na notisi yangu, na kwa sheria ilivyo mwenyewe ni yeye.

Kuna kero nyingine za delta zisizo na anwani. Madago, kwa mfano. Wavuvi hutoka mbali, wakapiga kambi kwenye kisiwa cha mchanga wakifuata kamba na dagaa, wakakaa majuma kadhaa, wakahama samaki wanapohama. Dago halina mwenye kiwanja, halina namba ya nyumba, na choo chake ni mikoko. Kipindupindu kikiingia hapo, mtu mmoja mgonjwa katika mtumbwi mmoja anatosha kukivusha hadi visiwa vitatu kabla jua halijazama. Mwaka 2015, ugonjwa ulipoanza Dar es Salaam mwezi wa Agosti na kuenea karibu nchi nzima, tuliona jinsi unavyofuata njia za watu wanaotafuta riziki. Sherehe za Uhuru za Desemba mwaka ule zikageuzwa siku ya usafi, na tangu hapo tuna Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Fagio ni jambo jema mjini, lakini dagoni hakuna cha kufagia.

Nikumbushe pia somo la Oktoba 1977, wakati kipindupindu kilipoingia nchini kwa nguvu. Tetrasaikilini iligawiwa kwa wingi, kutibu na kukinga. Baada ya takriban miezi mitano, asilimia 76 ya vijidudu vilivyopimwa vilikuwa vimeizoea dawa hiyo. Tulitafuta njia ya kuukwepa mzigo wa choo na kisima kwa kidonge, na kidonge kikaisha nguvu mbele ya macho yetu.

Kisha yapo maji yenyewe. Aprili 2024, mvua za El Niño zilipojaza bonde, mashamba na nyumba za Rufiji na Kibiti zilizama, na mjadala ukawaka kuhusu maji yaliyofunguliwa kutoka Bwawa la Julius Nyerere, lile la megawati 2,115 lililojengwa kwenye korongo la Stiegler. Wahandisi wana hoja zao na wakulima wana zao, nami si mhandisi. Jambo la afya ni dogo na halina ubishi: maji yakipanda juu ya mdomo wa choo, yaliyomo chooni hutoka na kutembea kijiji kizima. Katika siku zile, ungemwandikia nani notisi?

Na lipo jambo ambalo watu wa Kibiti hawapendi kulitaja, nami nalitaja kwa heshima. Kati ya 2015 na 2017 wenyeviti wa vijiji, watendaji na askari waliuawa katika wilaya hii na jirani zake. Wengi wa waliolengwa walikuwa ndio hasa wanaobeba kazi ya kero. Bwana afya hapiti nyumba kwa nyumba bila mtendaji wa kijiji au mwenyekiti wa kitongoji. Wao ndio wanaojua nani kahamia, kisima kipi kimeharibika, nani ana mgonjwa ndani. Katika miaka ile mgeni aliyebisha hodi akiuliza maswali aliitia nyumba hofu, na mwenyeji aliyemsindikiza aliihofia roho yake. Utulivu umerudi. Mazoea ya kumfungulia mlango mtu mwenye daftari hurudi polepole zaidi, na hayarudi kwa faini.

Ndiyo maana napendekeza Kibiti ifanye kile ambacho Uingereza ilikifanya mwaka 1956 ilipogundua kwamba moshi hauna mwenyewe. Sheria Namba 7 ya mwaka 1982 inaipa halmashauri ya wilaya uwezo wa kutunga sheria ndogo, na vijiji vinaweza kutunga zao zikapitishwa na halmashauri. Zitungwe kwa ajili ya delta peke yake, zikiitambua kama eneo moja la maji. Ndani ya eneo hilo, choo cha shimo kinachofika kwenye maji kisihesabiwe kuwa choo bora hata kikiwa na mlango, sakafu na kibuyu chirizi cha kunawia mikono. Choo kinachotakiwa kiwe cha kuinuliwa: vyumba viwili vidogo juu ya ardhi, vimepigwa plasta ya saruji ndani na nje, ngazi nne za kupandia, majivu kila baada ya kutumia. Kimoja kikijaa kinafungwa kikauke, cha pili kinaanza. Mwenye mtumbwi anayewaleta wavuvi dagoni awe ndiye mwenye wajibu wa choo cha dago, kwa kuwa yeye ana jina na chombo chake kinajulikana bandarini.

Na umma ulipe sehemu yake. Mfuko wa saruji unaofika kisiwani umeshapanda lori, umepakiwa Nyamisati, umebebwa kichwani kwenye tope. Hauwezi kuwa na bei ya Kibiti mjini. Kumwamuru mjane wa Salale ajenge kwa gharama hiyo, kisha kumtoza faini asipoweza, ni dhuluma, hata kama karatasi ina muhuri. Waingereza walilipa asilimia 70 ili watu wabadili majiko, na walikuwa nchi iliyotoka kwenye vita na madeni.

Wenzangu wa idara watasema hakuna fedha. Nakubali ni kidogo. Lakini nimeziona bajeti za usafi zenye semina, fulana na vipeperushi, huku mstari wa mafuta ya boti ukiwa wa kwanza kukatwa. Safari ya kwanza ya bwana afya visiwani huzaa notisi. Ni safari ya pili inayomwambia kama alichoagiza kinawezekana, na ya tatu inayomfanya mtu amwonyeshe kisima anachokificha. Kama ningerudi kwa bibi baada ya siku 30 nilizoandika mwenyewe, ningelikuta shimo likiwa na mwezi mmoja wa maji, si mwaka mzima wa mbu. Mafuta ya boti yapangwe kwanza, kwa kalenda ya mwezi, bamvua kwa bamvua, kabla ya kitu kingine chochote.

Siku ile nilimwomba bibi ile karatasi. Akasita, kwa sababu alidhani naichukua nikamshtaki. Nikamweleza kwamba kosa ni langu, nikaichana mbele yake. Kisha tukakaa barazani na mjukuu wake mkubwa, fundi wa mitumbwi, nikamchorea chini kwa kijiti: vyumba viwili, ngazi, tundu la kutolea nyuma. Akautazama mchoro, akauliza kimo. Nilikuwa nimeanza kukisia, akanikatiza. Akainuka, akaenda hadi kwenye nguzo ya banda, akaweka kidole kwenye mstari wa tope uliokauka juu ya goti lake. Maji ya mafuriko yalifika hapa, akasema, basi sakafu ianze shubiri tatu juu ya hapa.